Kiwanja 14, Kitalu 9

Chini ya jumba la jiji la Duluth, ngazi thelathini na mbili,
ndiko ninakokaa na majalada.
Juu wanagombea viti. Huku chini
bomba la mvuke linakohoa, nami nahesabu kurasa.

Watu huja na kwa nini zao.
Kwa nini taa ya kona haiwaki,
kwa nini bili ya maji imepanda,
kwa nini mti wangu ulikatwa nikiwa hospitali.
Nawaambia, kwa sauti ya ukarani hata roho ikiniuma:
sheria inakupa karatasi, haikupi jibu.
Omba karatasi. Itaje kwa jina,
jina ililopewa na walioifungia.

Bi Aili Haapala alikuja Februari,
theluji ikimdondoka kwenye buti kama chumvi.
Penye "Nyaraka zinazoombwa" akaandika:
Nyumba yetu.
Akatia nukta.

Nikamwambia, Mama, jiji halina nyumba yetu.
Jiji lina Kiwanja 14, Kitalu 9,
Mgawanyo wa Pili wa Magharibi.
Akaitazama ile namba
kama mzazi anayesikia mwanawe akiitwa kwa namba jeshini.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, alisema.
Tingatinga lilikuja asubuhi. Mama alisimama barabarani,
hakulia, akasema tu: Jiji limetuweza.
Miaka hamsini na minane namchukia mtu
ambaye hata sahihi yake siijui.
Nipe hiyo sahihi.

Siku kumi za kazi, nilisema.
Senti ishirini na tano kila ukurasa.

Sikulipata kwenye Ujenzi. Sikulipata kwenye Ubomoaji,
droo ambayo ungedhani ilichongwa kwa ajili yake.
Mwaka wa sabini na mbili bomba lilipasuka,
makarani wakaokoa walichokiwahi,
wakakisukumia palipo pakavu.
Siku ya tisa nikalikuta kwa Maji Taka,
katikati ya ramani za mitaro na stakabadhi za chokaa:
jalada la kahawia, kurasa kumi na moja,
pini imeacha kutu kama kidonda kilichopona vibaya.

Nililisoma. Hairuhusiwi, wala haikatazwi.

Alirudi. Akavua glovu moja tu.
Ukurasa wa kwanza, ripoti ya mkaguzi.
Wa nne, picha: ukuta umebinuka kama mtu mwenye kiungulia.
Wa sita, Ombi la Kubomolewa na Kuhamishiwa Nyumba ya Jiji.
Mwombaji: Lempi Haapala.
Sababu, na hapo fomu ilimpa mistari mitano:
Baridi.
Neno moja. Mistari minne mitupu.

Sikuwa na la kusema; kazi yangu haina fungu hilo.
Alifuata herufi kwa kidole.
Hii H ni ya Mama, alisema,
alikuwa akiifunga juu, kama mlango.
Kisha akacheka, kicheko kikavu, cha puani.
Mwongo yule. Mwongo wangu yule.
Tulilala wanne kitanda kimoja, makoti juu yetu,
na mimi nikaja kukumbuka joto tu.

Akalipa dola mbili na senti sabini na tano, sarafu kwa sarafu,
akataka muhuri kwenye ukurasa wa sita,
ule wa kubana, unaokwaruza ukiupapasa.
Nikabana. Chuma kikauma karatasi pembeni mwa Baridi.

Mlangoni akageuka.
Na yule mkaguzi, aliyeandika kwa penseli ukingoni
bibi amenipa kahawa, binti mkubwa hakunisalimu,
naye ana jalada?

Nikampa fomu mpya.
Safari hii aliandika kiofisi: cheo, idara, mwaka.
Ila penye maelezo ya ziada kalamu ilisita,
ikainuka, ikashuka:
Mimi ndiye huyo binti.

Nikagonga tarehe.
Siku kumi za kazi, nikasema.