Kilo Mbili

Miaka ishirini na miwili nimeinama
juu ya mizani ya Mwaloni Kirumba,
jicho kwenye mshale, kalamu sikioni,
nikisoma uzito wa jasho la wengine:
dagaa wa Ukara, dagaa wa Goziba,
gunia juu, gunia chini, andika, mwingine.
Mgongo ukazoea. Ukawa alama ya kuuliza
ambayo hakuna aliyeijibu.

Mwezi wa tatu shingo ikagoma.
Nikiitwa, nageuka mwili mzima
kama korongo wa jalalani.
Wapagazi wakasema: nenda Pasiansi,
ghorofani, juu ya duka la mabati,
yuko Nyanjige, mnyoosha migongo;
akikushika mfupa unalia kwa!
unashuka ngazi unapiga mluzi.

Nikaenda kuifuata hiyo kwa.

Kitanda chake kina tundu la uso.
Nimelala kifudifudi, naiona sakafu,
kandambili zake za bluu, kisoda kimoja.
Nasubiri mikono.
"Mzee Lufungulo, hebu kaa.
Nipe mkono wa kushoto."
Kitambaa kikajaa upepo, kikanibana
kama mwenye nyumba tarehe tano.
Mia themanini na nane
juu ya mia moja kumi na nne.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nikauliza:
"Mashine hii ina stika ya mwaka huu?"
Hakucheka. Alingoja dakika tano, akapima tena.
Ikapungua mbili tu.
"Shingo hii siigusi leo," akasema.
"Mgongo utanisubiri. Moyo hausubiri."
Akaniandikia barua, kidole chake
kikielekea dirishani, juu, Bugando.

Nilikasirika, sikufichi.
Nimepanda ngazi na elfu ishirini
niliyoitenga kwa ajili ya mifupa,
nashuka na barua ya moyo
ambao haujaniuma hata siku moja.

("Ndivyo ulivyo," daktari alisema baadaye.
"Hauna adabu ya kubisha hodi.")

Usiku, Mabatini. Mawe bado yana joto la mchana.
Kwezi amelala. Mimi nasikiliza sikio langu
likidunda kwenye mto.
Nakijua kinachonikesha.
Si karo ya Ngollo, si bati lililotoboka.
Ni skrubu moja ndogo chini ya mizani
ambayo tajiri aliniomba niilegeze,
"kidogo tu, karani, kilo mbili kila gunia,
nani atakufa kwa kilo mbili?"
Mwaka wa nne sasa.
Magunia mia kwa siku. Piga hesabu wewe.
Mimi nikipiga, meno yanasagana,
mabega yanapanda mpaka masikioni.

Wiki sita za vidonge, chumvi kwa mbali,
kutembea alfajiri hadi Furahisha na kurudi.
Nikapanda tena ngazi za Pasiansi.
Mia arobaini na nne.
"Inashuka. Bado haijafika."
Ndipo akaweka mikono.

Hakuvunja kitu. Alibonyeza taratibu
katikati ya mabawa ya mabega, akangoja,
kama mgeni anayejua wenyeji wamo ndani.
"Mikono yangu haitibu presha," akasema,
"usije ukawadanganya watu huko mwaloni.
Ila hapa pamekaza mno. Umebeba nini?"

Kupitia tundu nikaiambia sakafu,
kandambili, na kile kisoda:
"Kilo mbili."
Alidhani natania.

Jumatatu nilifika kabla ya korongo.
Bisibisi, jiwe la kilo ishirini,
mshale ukatetema, ukasimama
palipoandikwa ishirini.
Tajiri hajajua. Atajua mwisho wa mwezi,
na sijui nitamjibu nini;
usingizi wenyewe haujawa mtamu
kama unavyodhani.

Lakini Mama Holo wa Ukara
aliweka gunia lake, akautazama mshale,
akanitazama mimi, akaurudia mshale:
"Karani, mizani yako inaumwa?
Au dagaa wangu wamenenepa njiani?"

Nikacheka. Shingo ikauma.
Nikaandika.