Usomaji wa Mita, Februari

Sikuja kusali. Nilikuja kusoma mita.
Karatasi ya kazi ilisema: nyumba ya ibada, ukingo wa ziwa Peipsi,
matumizi ya chini mno, kagua kama kuna wizi.
Ziwa lilikuwa limeganda hadi macho yanapoishia,
na kijiji kizima kilinuka vitunguu na moshi wa kuni.

Mlangoni, Fevronia, wa miaka themanini na ushei,
alinitazama kichwani kabla ya kunitazama usoni.
Akatoa kitambaa mfukoni mwa koti,
akakibana chini ya kidevu changu kwa pini.
"Hatufungi fundo," akasema kwa Kiestonia cha kuokoteza.
"Fundo ni kitanzi."
Nikasimama nyuma kabisa, upande wa wanawake,
begi la vifaa begani, bisibisi zikigongana
kila nilipovuta pumzi.

Kasisi hakuna, tangu zama za babu wa babu zao.
Waligombana na ulimwengu kwa sababu ya vidole:
viwili vya kuchora msalaba, si vitatu.
Wakavuka misitu na vidole viwili hivyo
na mbegu za vitunguu ndani ya soksi.
Wazee wangu mimi hawakuhama kwa ajili ya kidole chochote.

Nilipata kipaimara Tartu, na miaka kumi na mitano,
kwa kuwa shangazi Leida aliniahidi saa ya mkononi.
Saa ilikufa kabla mwaka haujaisha.
Sikuirudisha.
Sikurudi.

Walisoma. Ndiyo yote waliyofanya, walisoma,
kwa sauti isiyopanda wala kushuka,
kama mtu anayehesabu mbegu kiganjani
akiogopa kuruka mojawapo.
Kisha wote wakainama, chini, hadi sakafuni,
kila mmoja na kimto chake cha viraka
cha kulazia viganja, mkono wa msalaba usichukue vumbi.
Nikabaki wima peke yangu
kama nguzo ya umeme katika shamba la watu.
Heshima au kiburi, sijui.
Magoti yangu ni mazima. Nayapiga kila siku
mbele ya masanduku ya fyuzi, katika vyumba vya chini vya majengo,
tochi mdomoni.

Nilijaribu. Niseme kweli, nilijaribu.
Nikapapasa ndani nitafute neno la kuanzia,
nikakuta namba ya simu ya marehemu mama,
nambari ya nyumba tuliyoiuza,
na "samahani" moja isiyo na jina la wa kuambiwa.
Nikaiacha palepale. Haikuanguka.

Ibada iliisha bila mimi kujua;
harufu ya nta iliyozimwa ndiyo iliyonipasha habari.
Zinovi, mshika funguo, akanipeleka nyuma ya jiko la matofali.
Mita nzima, lakiri haijaguswa.
Taa moja tu, ya ngazini, wazee wasiteleze wakitoka.
Uniti nne, mwezi mzima.
"Tunaiba?" akauliza, uso mkavu.
"Hapana. Mnatumia kidogo."
"Mishumaa hamhesabu," akasema,
akacheka, au alikohoa.

Fevronia alinipa shada la vitunguu,
vimesukwa kama nywele za mtoto wa shule,
akasahau kudai kitambaa.
Au hakusahau.

Ndani ya gari niliandika: matumizi halali, hakuna wizi.
Sehemu ya maoni nikaiacha tupu,
nikaendesha kilomita arobaini na kitu
na kitambaa kichwani, redio imezimwa,
mimi, Maarika, fundi daraja la pili,
nikijitazama kwenye kioo kila taa nyekundu
kama abiria niliyempakia bila kumuuliza aendako.

Usiniulize kama naamini.
Vitunguu vilikuwa kumi na saba, vimebaki sita.
Pini iko jikoni, kwenye kisahani cha funguo,
na asubuhi, nikipapasa gizani kabla ya kazi,
hunichoma kidogo,
nami sijaihamisha.