Sahani Namba Tisa

Baba alikuwa mwokaji, huko Bragança;
miaka arobaini akirauka saa nane usiku
kwenda kuiamsha hamira.
Sasa binamu wa hamira amehamia kinywani mwake:
utando mweupe, kama maziwa yaliyokatika,
chini ya meno ya bandia.
Supu haina ladha. Hata jina langu, Deolinda,
hulitema nusu.

Mimi ni wa maabara. Chachu hizi nazijua kwa darubini,
vijishanga vinavyochipuza vijishanga.
Jumatatu nilizipaka kwenye sahani,
nikatoboa vishimo vinne, nikadondoshea asali:
ya lavenda, ya michungwa, ya dukani,
na ile nyeusi ya mjomba Abílio,
ya vichaka vya mlimani, chungu mwishoni,
iliyoletwa katika chupa ya zeituni
ambayo hakuiosha vizuri.

Jumatano nikafunua.
Tatu, hola. Chachu imetambaa hadi ukingoni.
Ya Abílio: duara tupu,
jembamba kama ukucha uliokatwa,
lakini tupu.

Nilipima mara tatu. Milimita nne.
Nilipoizimua kwa maji, duara likatoweka.
Na kinywa, jamani, ni kisima cha mate.

Jioni nikampelekea vidonge vya daktari,
na kijiko kimoja.
Akafumba mdomo, akakaa nacho kitambo,
kama anayengoja unga uumuke.

“Inanuka moshi,” akasema.
“Shemeji yangu
hakuwahi kujua kurina.”