Weka Alama Moja Tu

Kwa Ofisi ya Malipo.
Fomu yenu ya nauli nimeipokea.
Mmeuliza aina ya usafiri wangu,
mkanipa visanduku vinne: gari, pikipiki, boti, nyingine,
na onyo kwa wino mzito: weka alama moja tu.

Kalamu ninayo. Alama ndiyo iliyonishinda.

Kwanza ni miguu. Alfajiri, kutoka Langoni,
vichochoro havipitishi ila mtu na punda,
na punda ndiye wa pili: Jumatatu, siku ya chanjo,
Shee Bwanaheri hunibebea sanduku la barafu
mgongoni mwa Meneja,
mnyama asiyejua king'ora wala haraka,
lakini kila ngazi anaijua kwa kwato.

Gatini, maji yakipwa,
navuka boti tatu za watu ndipo niifikie yangu,
samahani, samahani, sanduku kichwani.
Tunapanda kumi na wanane kwa mashine moja.
Mafuta ya kila mmoja, ukiyagawa,
labda vikombe viwili vitatu vya kahawa,
na vikombe vyetu mnavijua.

Mokowe, nyuma ya tanuri la Mbeyu,
baiskeli yangu hunisubiri ikinukia iliki ya mahamri.
Hanitozi kodi. Jioni namletea mayai ya Hindi,
na hesabu yetu haina karatasi.
Nalikunja buibui, nalifunga kiunoni,
sanduku nyuma kwa mpira wa tairi kuukuu,
malori yananipita yakinimwagia vumbi na salamu.

Mwezi uliopita mliirudisha fomu: ambatanisha risiti.
Nilimtazama Meneja. Naye akanitazama.
Alichokuwa nacho wakati ule
hakibandikiki kwa gundi.

Wenzangu huniambia, chukua pikipiki moja kwa moja.
Moja kwa moja kupitia wapi? Baharini?
Na siku ya mvua ile, mbili zilizama tope hadi ekseli;
mimi nilishuka, nikakokota, nikapanda tena.

Mnapotaka jina la safari yangu, iiteni mkeka.
Ukili mmoja haulaliwi;
lazima mtu akae chini, aushone na mwenziwe.

Saa tatu na nusu nilifungua sanduku mbele ya akina mama.
Barafu ilikuwa bado barafu.
Mtoto wa kwanza alilia kabla sijamgusa.

Wenu,
Rukiya Famau, muuguzi.

(Nimeandika nyuma ya fomu. Mbele, penye "nyingine",
mliniachia nafasi ya neno moja.)