Kifungu cha Saba

Bwana Lyatuu alikuja na kijana wa kuhesabu.
Wakahesabu kompyuta mbili, moja huzimika kila adhuhuri bila kuaga,
mashine ya kuchapa, kisu cha kukatia stika,
viti vitatu, kimoja cha wale wanaosema "nasubiri tu".
Kijana akaandika. Feni je?
Nikasema feni ni ya mwenye nyumba.

Miaka kumi na moja, Mtaa wa Sikukuu,
ghorofa ya pili, juu ya muuza vitenge,
na mlangoni nembo niliyoichora mwenyewe:
nukta moja nyekundu, pembeni kidogo.
Watu walipanda ngazi kuja kuniambia imekosewa.
Wakishafika juu, nawapa kiti.

"Na wateja?"
Nikafungua daftari.
Huyu ni wa kadi za harusi: nusu hulipa, nusu humwachia Mungu.
Huyu ana shule ya chekechea, kila kitu anataka kiwe na tembo,
hata risiti.
Huyu alileta picha ya marehemu mumewe
kutoka kwenye kitambulisho, ndogo kama ukucha wa dole gumba.
Tuliikuza usiku kucha, mimi na Chausiku,
tukamshonea kola, tukamfuta muhuri shavuni,
na asubuhi mama yule akaitazama sana, akasema,
"Hapa ndipo alipokuwa anataka kucheka."

Bwana Lyatuu akauliza, huyo tumweke kundi gani?
Nikasema, la waliokwisha kulipa.

Bei ikapanda ngazi, ikashuka ngazi.
Akasema jina halina uzito kwenye mizani.
Basi liache, nikamwambia.
Akanyamaza, akanywa soda yake hadi chini,
akaongeza milioni mbili.

Chausiku alikunja mikono kifuani: "Mimi si kiti."
Lakini alibaki, na mshahara mpya,
na siku ya mwisho alinitia flashi mkononi kama mtu anayetoa mkono wa rambirambi.
Ndani yake, kazi zote ambazo wateja walizikataa.
"Hizi hazikuwa kwenye orodha," akasema.

Wakili alisoma hati kwa sauti ya matangazo ya vifo.
Kifungu cha saba:
muuzaji hatafanya, wala kumsaidia yeyote kufanya,
kazi ya usanifu wa michoro na maandishi
ndani ya Jiji la Dar es Salaam
kwa muda wa miezi thelathini na sita.
Nikatia sahihi. Sahihi yangu ni mbaya; watu hushangaa.

Wiki ya kwanza nililala.
Ya pili, mji ukaanza kunisomesha kwa nguvu.
Saluni ya Magomeni, S yake imelala chali,
kila nikipita nainamisha shingo ili isimame.
Duka la dawa limeandikwa kwa mwandiko wa daktari.
Baa moja imetumia aina saba za herufi,
nikahesabu mara mbili, mdomo nikaufumba,
mkono nikautia mfukoni ukae.

Jana usiku, Mburahati, kwa Mwinjuma wa chipsi.
Amepiga magoti mbele ya boksi la mafuta,
kipande cha mkaa mkononi, jasho linamtoka,
ameandika KUKOPA HARUSI KULIPA MATA,
boksi limekwisha.
NGA inaning'inia ubavuni kama mkia wa mjusi.
"Dada, wewe si ulikuwa unajua mambo haya?"

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia.
Miezi thelathini na mitano, na siku kadhaa.
Geuza boksi, nikasema. Lete huo mkaa.
Anza na neno la mwisho, lipime, ndipo urudi mwanzo.
HARUSI nikaipa nafasi, ipepee.
MATANGA nikayabana, yawe mazito, yagote ukingoni.
Na pembeni kidogo, bila kukusudia, nukta.

"Ni bei gani?"
Siuzi, nikamwambia. Nimeshauza.
Akacheka, akavunja mayai mawili kikaangoni,
akanisogezea sahani chini ya taa.
Nikakaa, nikaomba pilipili,
nikala ushahidi wote.