Mengineyo

Fomu ilifika saa tano usiku,
majibu yanatakiwa kesho kabla ya adhuhuri.
Kipengele cha nne: Aina ya mtoa mafunzo.
Kisanduku cha kwanza, Serikali.
Cha pili, Binafsi.
Cha tatu, chembamba kama dirisha la stoo:
Mengineyo, taja.

Nikamtaja Sechelela Ndahani wa Makang'wa
na cherehani zake saba, mbili hazina mkanda.
Nikamtaja fundi Chibago, Veyula,
anayefundisha kuranda kwa mkono
kwa sababu darasa aliloazimwa halina umeme jioni.
Nikataja kisomo cha Hombolo
kinachofungwa mvua ya kwanza ikigonga bati,
maana wanafunzi wote wana mashamba, na mwalimu pia.
Kompyuta ikajibu:
herufi zisizidi ishirini.

Vituo thelathini na tisa vilinichagua mimi
kwa kunyoosha mikono, ukumbi wa parokia, Bahi.
"Aende mwenye viatu vya kufunga kamba,"
alisema mmoja, tukacheka,
kisha wote wakaangalia miguu yangu.

Zaituni wa Kondoa akanishika mkono:
Kawaambie ada ya usajili inazidi
mapato yetu ya mwaka, na mapato yetu ni harambee.
Lameki wa Mpwapwa: Waulize kijana wetu
aliyejenga ukuta unaosimama mpaka leo
kwa nini analipwa kibarua, eti cheti hakitambuliki.
Msagala wa Kongwa alisubiri watu watoke.
Usithubutu kuomba tusajiliwe, alisema.
Wakitujua, watakuja kupima madirisha,
na madirisha hatuna.

Mdomo mmoja,
na maneno yao hayalali kitanda kimoja.

Mtumba, barabara ni pana kuliko shughuli yangu.
Upepo ulinisindikiza mpaka mlango wa kioo,
ukabaki nje na vumbi lake.
Ndani baridi. Kibao mbele yangu hakina jina,
kimeandikwa MDAU.
Dakika tatu, akasema mwenyekiti, kwa upole kabisa.
Na takwimu unazo?

Ninazo. Zimo katika daftari la Sechelela,
kwa kalamu ya bluu na ya kijani ilipoisha ya bluu:
huyu yuko Manyoni, ana mashine yake;
huyu aliacha, mimba, akarudi, akamaliza;
huyu anashona majoho ya kwaya;
huyu marehemu, alikuwa na mkono mwepesi.
Nikasoma jumla tu: elfu moja mia mbili na kumi na nne.
Namba ikapendwa. Ikapanda ukutani kwenye mwanga
peke yake, bila majina,
kama kundi lililopigwa chapa na kupita mnadani.
Kisha nikasikia sauti yangu ikisema
"kuimarisha mifumo ya utambuzi na usajili,"
maneno ambayo Makang'wa hayajawahi kutamkwa,
na dakika zangu zikawa zimekwisha.

Rasimu ya tatu, ukurasa wa arobaini na moja.
Tumeingia. Kati ya mkato na mkato:
"pamoja na vituo vya kujitolea,"
na mbele kidogo, "vitakavyosajiliwa,"
na mwisho wa sentensi, kama mkia wa mjusi,
"kadiri bajeti itakavyoruhusu."

Nilimpelekea Sechelela ukurasa ule.
Alivaa miwani, chaki ya fundi bado vidoleni,
akasoma mara mbili, midomo ikicheza.
"Hii kadiri," akauliza, "ni inchi ngapi?
Maana mimi sikati kitambaa cha mtu kwa kadiri."
Sikuwa na jibu. Akanirudishia karatasi,
akafungua daftari, akaandika
elfu moja mia mbili na kumi na tano:
Nyemo, kaanza leo, hajui kutunga uzi.

Binti alikuwa pale pale, ameinama,
analamba ncha ya uzi, anakosa tundu, analamba tena.

Simu mfukoni ikatetemeka. Msagala, Kongwa.
Ikaita mpaka ikakata.
Ikaita tena.
Nilikuwa naangalia sindano.