Kijiko Kimoja kwa Pipa

Iquitos, saa mbili asubuhi, jua tayari lina meno.
Nabisha kwa Bi Hermelinda Tapullima,
mimi na kizibao changu cha buluu, tochi,
na mfuko wa chembechembe kama mchanga
wa ufuko usiowahi kuona bahari.

"Umekuja tena kunitilia uvundo majini."
Nimekuja tena, mama.

Namulika pipa. Maji yametulia
kama mtu anayeficha jambo.
Kisha viluwiluwi vinaona mwanga, vinazama,
vikijikunja, vikijikunjua,
alama za mkato zilizotoroka sentensi.

Siku kumi na mbili tu nilitia kijiko humu.
Dawa ile kazi yake ni kukaa:
hung'ang'ania ukuta wa plastiki miezi miwili,
maji yachotwe, maji yajazwe, yenyewe ipo,
kama shemeji aliyepita kusalimia.
Basi imekwenda wapi?

Mikono kiunoni, ananijibu:
"Kila Jumamosi nasugua. Mimi si mchafu."
Ananionyesha brashi, meno yake yamelala upande mmoja.
Na kweli, pipa linang'aa kama sahani ya harusi.

Nitamwambiaje mwanamke safi apunguze usafi?
Karatasi za semina hazina sentensi hiyo.

Ngazini amekaa mjukuu, Jhampier, anamenya ndizi.
Mwaka jana kidingapopo kilimlaza siku tisa,
akiita mifupa yake mmoja mmoja.
"Tangu hapo," anasema bibi, "ndipo nilipoanza kusugua."

Nakunja suruali. Tunahamishia maji kwenye ndoo,
kwa kuwa bomba hutoa usiku wa manane tu
na hakuna wa kumwaga hata kikombe.
Tunasugua pamoja, juu ya mstari wa maji,
pale mayai yalipojibandika kama vumbi la mkaa,
yakavu, yenye subira kuliko sisi.
Maji tunayarudisha kwa kuyachuja kwenye kitambaa;
viluwiluwi vinabaki juu, vinafia juani.
Kisha kijiko kimoja.
Sasa, mama, brashi ipumzike miezi miwili.

Anaitazama brashi. Anaitazama mikono yake.
"Na Jumamosi," anauliza, "hii nitaiweka wapi?"

Sina jibu. Naandika tarehe kwenye kadi nyuma ya mlango.
Mapipa arobaini bado.
Ndani ya bajaji nanusa vidole vyangu:
imekaa.